Neema si gunia la mahindi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme na Wakristo wenzangu wa Mbeya, Songwe, Njombe na Iringa, hasa wazee wa kanisa, viongozi wa jumuiya na kina mama wa vikundi vya maombi, kuhusu kazi tunayoifanya kila wiki na kuiharibu karibu kila wiki: kutiana moyo.

Kasoro inaanzia kwenye neno lenyewe. Katika Kiswahili cha kila siku, neema ni wingi. Mwaka wa neema ni ule ambao mvua za Novemba zimewahi, mahindi yamebeba na ghala limejaa. Aliyeneemeka ni yule aliyeezeka bati jipya. Waliotafsiri Biblia walilichukua neno hilo wakalibebesha mzigo mwingine kabisa: upendeleo wa Mungu kwa mtu asiyestahili chochote. "Mmeokolewa kwa neema, kwa njia ya imani," Paulo anawaandikia Waefeso (2:8), na papo hapo anaongeza kwamba halikutokana na nafsi zetu, ni kipawa. Lakini masikio yetu yamebaki ya mkulima. Mtu akivuna vizuri tunasema Mungu amemneemesha. Jirani yake aliyeliwa shamba na viwavijeshi tunamwombea "arudishiwe neema", kana kwamba ilikuwa imemtoka. Hapo tumemwongezea jeraha, maana sasa ana hasara ya shamba pamoja na hofu kwamba Mungu amemkimbia. Paulo alipoomba mara tatu mwiba wake, yaani taabu iliyomsumbua mwilini, uondolewe, alijibiwa "Neema yangu yakutosha" (2 Wakorintho 12:9), na mwiba ukabaki.

Anayetaka kuwatia wengine moyo basi aanze kwa kuangalia yeye mwenyewe anapokea nini. Neema hupokelewa mahali panapojulikana: kwenye Neno linaposomwa na kuhubiriwa, kwenye ubatizo na Meza ya Bwana, kwenye toba, na kwenye sala ya mtu mwenye shida asiyeificha shida yake. Waebrania 4:16 inatuita tukikaribie kiti cha neema kwa ujasiri ili tusaidiwe "wakati wa mahitaji", yaani ukiwa na deni, ukiwa umekosana na mwenzi wako, ukiwa umeanguka tena katika lilelile. Wengi wetu hungoja tujisafishe kwanza. Na toba tunaifanya ya jumla mno. "Nisamehe yote niliyokosa" ni rahisi kutamka na haimgusi mtu. Litaje kosa kwa jina lake: nilipunja mizani sokoni, nilimsengenya wifi yangu. Kisha lisikilize tamko la msamaha kama mshtakiwa anayesomewa kuachiwa huru, na usiifufue kesi hiyo kila Jumapili.

Kuhusu Meza ya Bwana kuna jambo linalonikera. Wapo washarika wanaotoka nje au kubaki kwenye benchi kwa sababu hawajamaliza ahadi ya mchango wa jengo la kanisa, wakidhani ndiyo maana ya kushiriki "isivyostahili" katika 1 Wakorintho 11:27. Someni kuanzia mstari wa 21. Kosa la Wakorintho lilikuwa kwamba huyu ana njaa na yule amelewa, wenye nacho wakawaaibisha wasio nacho. Mwenye bahasha tupu ndiye Paulo aliyekuwa akimtetea! Mzee wa kanisa akiona mtu anaikwepa Meza mara mbili tatu mfululizo, nyumba hiyo ndiyo ya kwanza kutembelewa juma hilo, na daftari la michango libaki nyumbani.

Sasa kutia moyo kwenyewe. Kielelezo chetu ni Barnaba, ambaye jina lake Matendo 4:36 inalifasiri kuwa mwana wa faraja. Alipotumwa Antiokia, Matendo 11:23 inasema aliiona neema ya Mungu, akafurahi, ndipo akawasihi watu waambatane na Bwana. Mpangilio huo una maana: macho kwanza, mdomo mwisho. Kabla hujanena, tafuta jambo moja la kweli ambalo Mungu amekwisha kulitenda kwa mtu huyo, ulitaje. "Tangu mzee afariki, mama, hakuna asubuhi watoto wako wamechelewa shule." Sentensi yenye tukio ndani yake hukaa moyoni. "Mungu ni mwema" ni kweli tupu, ila hata mpita njia asiyekujua angeweza kuisema.

Pili, pima ugonjwa kabla ya kutoa dawa. 1 Wathesalonike 5:14 ina watu wa aina tatu: wasiokaa kwa utaratibu waonywe, walio dhaifu watiwe moyo, wanyonge watiwe nguvu. Kitenzi cha mwisho katika Kigiriki kina picha ya kumshika mtu asianguke. Sisi tuna hotuba moja kwa wote watatu. Kijana mwenye nguvu zake anayeshinda kijiweni Mwanjelwa akibeti pesa ya nyumbani, ukimbembeleza umemharibu. Mjane wa juzi ukimwambia asilie kama wasio na matumaini, umempiga kwa andiko zuri. Bibi asiyeweza tena kushuka mtoni hana haja na andiko lolote siku hiyo, ana haja na ndoo mbili za maji. Mstari unamalizia "vumilieni na watu wote", na hapo hakuna aliyebaguliwa.

Mithali 25:20 inamfananisha anayemwimbia nyimbo mtu mwenye huzuni na anayevua nguo wakati wa baridi. Watu wa Makete, ambako Julai majani huamka meupe kwa barafu, hawahitaji mhubiri awafafanulie hilo. Rafiki za Ayubu waliketi naye chini siku saba bila neno (Ayubu 2:13), na kwa maoni yangu hiyo ndiyo kazi nzuri pekee waliyoifanya.

Matembezi nayo yana taratibu zake. Nendeni wawili, na mmoja awe wa jinsia ya mwenyeji. Toeni taarifa mapema, msiwe wageni wa ghafla ambao mama wa nyumba analazimika kuwakopea sukari. Kwa mgonjwa, dakika 20 zinatosha. Andiko liwe moja, mistari mitatu au minne, lisomwe polepole. Kabla ya kuomba, ulizeni: "Ungependa tuombee nini?" Mara nyingi jibu ni tofauti na mlichokuwa mmeandaa; mlikuja kuombea mguu, yeye anawaza ada ya mtoto wa kidato cha pili. Sala isizidi dakika mbili, kwa sauti ya chumbani, na isigeuzwe fimbo ya "Bwana, mlegeze ndugu yetu huyu moyo wake mgumu". Mkitoka, yaliyosemwa yabaki mle ndani. Kumtaja mtu na ndoa yake mbele ya kikundi bila ruhusa yake, eti tumwombee, ni umbea uliovalishwa kanzu.

Kwenye msiba tunajua kujaa. Turubai, kuni, sufuria kubwa, kwaya mbili. Matanga yakianuliwa nyumba inanyamaza, na kimya cha juma la pili ndicho kinachoua. Jumuiya ipange zamu kabla haijatawanyika: juma la pili, siku ya 40, mwezi wa tatu, na tarehe ya kifo mwaka unaofuata, siku ambayo karibu kila mtu huisahau isipokuwa mfiwa. Daftari la kawaida la shule linatosha, lenye safu tatu: tarehe, nani alikwenda, nini kiliahidiwa. Safu ya tatu ndiyo muhimu. "Tutarudi" ikisemwa bila kurudi, ni afadhali isingesemwa.

Yapo mambo mawili ya huku kwetu yanayotaka uangalifu zaidi. La kwanza ni pombe. Mtu wa Iringa au Njombe aliyeamua kuacha anaweza kuvumilia kiangazi kizima; mtihani wake unakuja na mvua, mianzi inapogemwa na ulanzi, pombe ya utomvu wa mianzi, uko kila njia panda. Anaanza na mtogwa, ule mtamu wa asubuhi, akijiambia si pombe, na baada ya siku chache yuko kwenye mkangafu, ulanzi uliochacha ukawa mkali. Kumtia moyo mtu huyu Jumapili saa nne hakumsaidii sana. Saa yake ngumu ni jioni, kuanzia saa kumi na moja, anapotoka shambani akipita kilabuni. Apangiwe mwenzake wa kurudi naye njia moja. Akianguka, aendewe kesho yake, kabla aibu haijaota mizizi, na aambiwe neema ile ile ya siku ya kwanza. Akiachwa mwezi mzima "ajifunze", atajifunza kukaa kilabuni.

La pili ni VVU. Utafiti wa kitaifa wa 2022–2023 uliikuta Njombe ikiongoza nchini, asilimia 12.7 ya watu wazima, na Iringa ikifuata. Basi kiongozi wa jumuiya aongee kila mara akijua kwamba huenda msikilizaji wake mmojawapo anameza dawa kimya kimya. Asiseme kamwe, hata kwa fumbo, kwamba imani ya kweli huacha vidonge. Dawa hizo huvibana virusi visizaliane. Zikiachwa, virusi huongezeka tena ndani ya majuma machache, na kumeza kwa kurukaruka huvipa nafasi ya kuwa sugu. Kumtia moyo mtu huyo ni kumsindikiza kliniki akitaka, kumkumbusha saa yake ya dozi, na kunywa chai kwake bila kuuliza aliambukizwa wapi.

Mwisho niseme juu ya simu. Vikundi vya jumuiya vinapokea aya 30 kabla ya saa moja asubuhi, nyingi zimetumwa na watu ambao hawajazisoma. (Mithali 27:14 inasema anayembariki rafiki yake kwa sauti kuu alfajiri na mapema huhesabiwa kuwa amemlaani.) Wamoravian, waliofika Rungwe mwaka 1891, wana desturi ya fungu la Biblia la kila siku iliyoanza mwaka 1728 Herrnhut, Ujerumani, wakati wa Zinzendorf, kiongozi wao. Kijitabu cha kwanza kilichapwa kwa ajili ya mwaka 1731. Kabla ya hapo ndugu walilipeleka fungu hilo kwa miguu, nyumba kwa nyumba, nyumba 32, wakarudi na habari za waliowakuta humo. Simu inaweza kubeba fungu. Habari za kurudi nazo ndizo hazipatikani kwa kusambaza, kwa hiyo tuma aya moja, kwa mtu mmoja, kwa jina lake, kisha mpigie.

Na kipupwe hiki mkienda kwa wazee wa milimani, nendeni kabla ya saa kumi, jua likiwa bado lipo, msiwakeshe na mlango wazi. Yakobo 2:16 inamtaja anayewaambia wenye shida "mkaote moto" asiwape kitu. Mzigo mmoja wa kuni kavu, uliobebwa na vijana wawili wa kwaya, unatosha kama siku tatu.

Mzee wa jumuiya,
Uyole, Mbeya