Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Vipimo vya damu vya uvimbe wa ubongo vithibitishwe kwa wagonjwa wetu

Kisumu

Mheshimiwa Waziri,

KUH: VIPIMO VYA DAMU VYA KUTAMBUA UVIMBE WA UBONGO

Mimi ni mtaalamu wa maabara hapa Kisumu. Ombi langu ni kwamba kipimo chochote cha damu cha kutambua uvimbe wa ubongo kisiidhinishwe nchini kabla ya kujaribiwa kwa damu ya wagonjwa wa magharibi mwa Kenya, na kwamba kazi ya kuihifadhi damu hiyo ianze sasa.

Hamu ya kuvipata vipimo hivi inaeleweka. Kwa kawaida, aina ya uvimbe hujulikana kwa uhakika baada ya mpasuaji kufungua au kutoboa fuvu, akatoa kipande na mwanapatholojia akakichunguza. Kwa glioblastoma, saratani kali ya ubongo ambayo hata ikitibiwa kwa upasuaji, mionzi na dawa ya temozolomaidi nusu ya wagonjwa hufariki katika muda wa takriban miezi 15, kila wiki ya kungojea majibu ni hasara.

Ugumu uko katika ubongo wenyewe. Kuta za mishipa yake midogo ya damu zimebana, nazo huzuia vitu vingi kupita, vikiwemo vipande vya DNA vinavyotoka kwenye seli za uvimbe. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka wa 2014 uliipata DNA hiyo katika damu ya zaidi ya 75% ya wagonjwa wenye saratani zilizoenea za kongosho, ovari na utumbo mpana, lakini kwa wenye glioma, kundi la uvimbe wa ubongo ambamo glioblastoma imo, haikufika 10%. Maji ya uti wa mgongo huwa nayo zaidi, ila kumchota maji hayo mtu ambaye shinikizo limepanda kichwani kunaweza kumuua.

Ipo pia protini iitwayo GFAP, ambayo hupanda katika damu ya wenye glioblastoma. Hupanda vilevile kwa mtu aliyeumia kichwa au anayevuja damu ubongoni, na wodi zetu hazikosi majeruhi wa bodaboda.

Linalonitia hofu zaidi ni hili. Aghalabu tafiti hizi hulinganisha damu ya wagonjwa na ya watu wazima wa afya, ilhali swali la daktari wa Kisumu, Siaya au Homa Bay, kaunti ambazo maambukizi ya VVU ni ya juu, ni jingine: je, uvimbe huu kwenye picha ni saratani, ni toksoplasmosisi (maambukizi ya kimelea ambayo hushambulia ubongo wa wenye kinga dhaifu), au ni kifua kikuu cha ubongo? Haya mawili ya mwisho hutibiwa kwa dawa. Kipimo kisichoweza kuyatenganisha kinaweza kuifanya familia ianze kumlilia mtu ambaye angepona.

Uwezo tunao. Watafiti wa KEMRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, kule Kisian wameshughulikia sampuli za damu kwa miaka mingi katika utafiti wa malaria. Kinachohitajika ni utaratibu: damu itolewe kabla ya upasuaji, pia kwa wenye toksoplasmosisi na kifua kikuu cha ubongo, plazma (majimaji ya damu yasiyo na seli) itenganishwe mapema na kugandishwa kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri, mgonjwa aelezwe kwa Kiswahili au Dholuo na atoe ridhaa yake, na taarifa zake zilindwe chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019.

Kuna vipimo visivyohitaji kungojewa. Uvimbe wa tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, unaotoa homoni ya prolaktini hutambulika kwa kupima homoni hiyo katika damu, na mara nyingi hunywea kwa tembe za kabergolini bila kisu. Naomba Mamlaka ya Afya ya Jamii igharamie kipimo hicho kwa kila mwenye uvimbe mahali hapo kabla hajapelekwa chumba cha upasuaji, na igharamie pia vipimo vya damu vya AFP (protini) na beta-hCG (homoni) kwa vijana wanaoshukiwa kuwa na uvimbe wa seli za uzazi ubongoni.

Naomba jibu la maandishi litakalotaja ni idara ipi itakayosimamia sampuli hizo, na ni lini itaanza.

Wako mwaminifu,
Mtaalamu wa maabara, Kisumu