Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: dawa ya kifafa isikatike zahanati

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Mji wa Serikali, Mtumba,
Dodoma.

YAH: VIDONGE VYA KIFAFA KATIKA ZAHANATI ZA VIJIJI

Mheshimiwa Waziri,

Pokea salaam kutoka vijijini. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi katika mkoa huuhuu wa Dodoma ulipo ofisi yako. Ombi langu ni moja na nalitanguliza ili usihangaike kulitafuta mwishoni: kidonge cha fenobabitoni, dawa ya kifafa, kisikatike katika zahanati za vijiji hata kwa wiki moja.

Najua mezani kwako kuna malaria, kuna vifo vya uzazi, kuna bima ya afya kwa wote. Kifafa hakisikiki sana kwenye mikutano mikubwa. Lakini Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao milioni 50 wanaishi nacho, wengi wao wakiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati kama yetu, na kwamba hadi asilimia 70 wangeweza kukaa bila kuanguka kama wangetambuliwa na kupata dawa ipasavyo. Katika nchi maskini, watatu kati ya wanne hawapati matibabu wanayohitaji. Bei nayo si kisingizio. Shirika hilohilo limesema dawa za mwaka mzima kwa mgonjwa mmoja zinaweza kugharimu kiasi cha dola 5 za Marekani.

Elimu ya ubongo imekwenda mbali. Mwaka 1924 daktari Mjerumani, Hans Berger, alinasa kwa mara ya kwanza umeme wa ubongo wa binadamu, na tangu hapo hakuna sababu ya msomi yeyote kusema kifafa ni jini. Ni chembe za neva zinazofyatua umeme kwa pamoja na kupita kiasi. Siku hizi watafiti wanachambua jeni zinazohusika, na kuna mashine za MRI, yaani za kupiga picha za ndani ya ubongo, ndogo kiasi cha kusukumwa kwa magurudumu hadi kitandani kwa mgonjwa. Kilichonifurahisha zaidi ni utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020, ulioonyesha kuwa video iliyorekodiwa kwa simu wakati mgonjwa anaanguka inamsaidia bingwa kutambua kama kweli ni kifafa au ni shida nyingine inayofanana nacho. MRI kijijini kwetu hatuna, lakini simu ya kurekodi video tunayo. Mama anaweza kurekodi asubuhi, na mchana daktari wa mjini akawa ameshaiona.

Sasa mgonjwa akishatambuliwa, anapewa nini? Mara nyingi anapewa fenobabitoni. Ni dawa kongwe. Daktari Mjerumani, Alfred Hauptmann, aligundua mwaka 1912 kwamba inazuia kifafa, na hadi leo Shirika la Afya Duniani linaihesabu miongoni mwa dawa muhimu. Kazi yake ni kuipa nguvu gaba, kemikali ya ubongo inayotuliza neva. Hapa ndipo penye hatari ambayo ndiyo hasa imenifanya nishike kalamu. Mgonjwa aliyezoea dawa hii akikatiwa ghafla, ubongo wake unakuwa gari lililong'olewa breki katikati ya mteremko. Kifafa hakirudi tu kama kilivyokuwa. Kinaweza kuja mfululizo, anguko juu ya anguko bila mgonjwa kuzinduka, na hiyo inaua. Ndiyo maana madaktari husisitiza kwamba dawa hii ikiachwa iachwe polepole, kwa maelekezo yao. Zahanati inayotoa vidonge mwezi huu na kukosa mwezi ujao inamwachisha mgonjwa ghafla bila yeye wala daktari kuamua.

Nina mwanafunzi wa darasa la tatu, binti. Akianguka darasani, nusu ya wenzake hukimbilia mlangoni, kwa sababu nyumbani wameambiwa kwamba povu lake likikugusa nawe unakipata. Mimi nasogeza madawati, namlaza ubavu, naweka sweta chini ya kichwa chake, natazama saa. Kijiko mdomoni siweki, maji simpi. Dakika tano zikipita bila kutulia, ni safari ya bodaboda kwenda kituo cha afya. Kuna muhula alipata dawa bila kukosa na hakuanguka hata mara moja. Alikuwa anawahi shule, anakaa mbele, ananyoosha mkono kwenye hesabu kabla sijamaliza kuandika ubaoni. Kisha zahanati wanayochukulia ikaishiwa. Mama yake akaambiwa arudi wiki ijayo, akarudi, akaambiwa tena wiki ijayo. Kabla dawa haijafika, mtoto akaangukia mafigani wakati mama anasonga ugali. Vidole viwili vya mkono wa kushoto vimeshikana kwa kovu.

Simlaumu muuguzi wa zahanati ile. Alikuwa mmoja, na hakuwa na cha kutoa.

Mheshimiwa, habari hii si ngeni nchini kwetu, na hilo ndilo linaloniuma. Kule Mahenge, wilayani Ulanga, daktari Louise Jilek-Aall alianza kuwatibu wenye kifafa tangu miaka ya 1960. Mwaka 1992, yeye na daktari mwenzake Henry Rwiza walichapisha habari za wagonjwa 164 waliofuatiliwa kwa miaka 30: 110 walikuwa wameshafariki, wengi kwa sababu zitokanazo na kifafa chenyewe, wakiwemo waliozama majini, walioungua, na walioanguka mfululizo. Mwaka huohuo utafiti wa Ulanga ulionyesha kuwa katika kila watu 1,000, kumi hivi wana kifafa. Wilayani Hai, Kilimanjaro, utafiti mwingine ulikuta zaidi ya theluthi mbili ya wagonjwa hawapo kwenye matibabu. Wataalamu wa dunia wamejifunza kutoka kwa ndugu zetu waliokubali kuhesabiwa, kutolewa damu na kupigwa picha za vichwa. Tuna deni kwao.

Na hizo picha za vichwa zimetufundisha jambo kubwa linalotuhusu sana huku katikati ya nchi. Katika Hospitali ya Kilutheri Haydom, Mbulu, si mbali na mpaka wa Singida, wagonjwa 212 wa kifafa walipigwa picha ya CT, yaani picha ya mionzi ya ndani ya kichwa, na karibu asilimia 18 kati yao walionekana kuwa na dalili za vifuko vya minyoo ya tegu ndani ya ubongo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2009. Tegu huyu ni wa nguruwe. Mtu akila kitimoto chenye vifuko na ambacho hakikuiva, mnyoo unakaa tumboni mwake, na mayai yanatoka na kinyesi. Asiponawa mikono, au akijisaidia porini na nguruwe wakazurura, mayai yanasambaa kwenye maji na mboga, na anayeyameza ndiye yanayempanda kichwani. Kwa hiyo hata Mwislamu ambaye hajawahi kugusa kitimoto maishani anaweza kupata kifafa kwa mnyoo wa nguruwe wa jirani. Hili nikiwaeleza wazazi kwenye kikao cha shule, ukumbi unanyamaza.

Kifafa cha namna hii kinazuilika kabisa. Choo, mikono kunawa, nguruwe kufungiwa bandani, nyama kukaguliwa. Ipo hata chanjo ya nguruwe, TSOL18, ambayo ilijaribiwa pamoja na dawa ya minyoo iitwayo oksfendazoli katika vijiji vya hapahapa Tanzania, na matokeo yakachapishwa mwaka 2020. Mwenzako wa Mifugo na Uvuvi yupo hapo hapo Mtumba. Nakuomba mkae pamoja juu ya hili, kwa sababu afisa mifugo wa kata na mganga wa zahanati wanapambana na mnyoo mmoja bila kujuana.

Narudi kwenye dawa. Naelewa kwamba fenobabitoni inadhibitiwa kimataifa kwa mkataba wa mwaka 1971, na kwamba udhibiti unaleta karatasi nyingi na hofu kwa wanaoiagiza. Wenye kupanga waweke akiba ya miezi kadhaa wilayani, na zahanati inayobakiwa na kopo la mwisho iruhusiwe kuazima kwa jirani siku hiyohiyo. Hospitali ya magonjwa ya akili ya Mirembe imekuwepo hapa Dodoma tangu mwaka 1927 na inafanya kazi kubwa kwa taifa zima, lakini haiwezekani mama wa kijijini afunge safari ya mjini kila mwezi kwa ajili ya kidonge cha bei ya chini kuliko nauli.

Mwaka 2024 Serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wanaotarajiwa kufika zaidi ya 137,000 nchi nzima. Hao ndio watu wanaoingia nyumba hadi nyumba. Wafundishwe kumtambua mwenye kifafa, kuuliza vidonge vimebaki vingapi, na kuwaambia majirani kwamba povu haliambukizi. Na sisi walimu tufundishwe huduma ya kwanza, maana watoto wanaanguka mikononi mwetu.

Jambo la mwisho linahusu wasichana. Dawa moja ikikosekana, ni rahisi mgonjwa kupewa nyingine iliyopo kabatini. Valproeti, dawa nyingine ya kifafa, ina hatari kubwa kwa mtoto aliye tumboni, na mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kwamba wanawake na wasichana walio katika umri wa kuzaa wasianzishiwe dawa hiyo. Mwanafunzi wangu ana miaka michache tu kabla ya kuvunja ungo. Naomba maelekezo hayo yabandikwe ukutani katika kila zahanati, kwa Kiswahili, karibu na dirisha la dawa.

Tanzania ni mwanachama wa Shirika la Afya Duniani, lililopitisha mpango wa dunia wa kifafa wa mwaka 2022 hadi 2031, unaotaka huduma ziongezeke kwa asilimia 50 juu ya zile za mwaka 2021. Naomba utueleze, kabla ya bajeti ijayo kusomwa, ni zahanati ngapi za mkoa huu zilizoishiwa fenobabitoni mwaka huu na zilikaa bila dawa siku ngapi. Jibu lako nitawasomea mimi mwenyewe wazazi wa wanafunzi wangu.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa shule ya msingi,
Mkoa wa Dodoma.

Nakala: Waziri wa Mifugo na Uvuvi, Mganga Mkuu wa Mkoa.