Barua kwa Rehema: pesa nilizozila baharini

Tororo, Jumapili jioni

Mwanangu Rehema,

Salamu nyingi zikufikie wewe, baba Zaituni, na mke wangu mdogo Zaituni mwenyewe. Sisi huku hatujambo. Mama yako goti linamsumbua kila mvua ikikaribia, na mvua yenyewe siku ya nne hii inazunguka tu nyuma ya jabali, haishuki.

Juzi Zaituni alinipigia kwa simu yako. Nadhani ulikuwa jikoni, maana nilisikia sufuria zikigongana. Mwalimu wao amewaonyesha picha ya pomboo, basi akataka kujua kama wako kwenye ziwa letu. Nikamwambia, mke wangu, Nalubaale, yaani Ziwa Viktoria, kuna kiboko, kuna mamba, kuna fisi maji, kuna sangara mzito kuliko babu yako, lakini pomboo hakuna. Kwa nini? Nikamwambia maji ya Nile yanatoka kwetu Jinja kwenda baharini, kwa hiyo pomboo akitaka kututembelea itabidi apande mto, na pale Murchison mto wote unabanwa kwenye mwanya wa mita 7 hivi kisha unaanguka zaidi ya mita 40. Nani atapanda hapo? Akacheka sana. Halafu akauliza, "Babu, wewe uliwaona wapi?"

Hakuniuliza kama nimewaona. Kwa akili yake babu aliyeendesha lori miaka yote hiyo ameona kila kitu. Nikamwambia nitamsimulia mkija. Lakini nilipoweka simu chini nikajua kwamba kabla ya kumsimulia yeye, wewe ndiye wa kwanza kuambiwa. Mama yako nimemwambia leo asubuhi, miaka yote hii baadaye. Amenyamaza, akamaliza chai yake, akasema, "Mwandikie mtoto."

Ni habari ya mwaka 2006, mwezi wa tatu, muda mfupi baada ya uchaguzi. Ulikuwa S.2, mwaka wa pili wa sekondari. Utakumbuka mlivyosimamishwa mstari asubuhi, wenye deni la karo wakaambiwa wachukue mabegi. Deni lako lilikuwa 65,000 za Uganda. Mama yako alinipigia kwa simu ya dukani, nami nilikuwa Mombasa, mzigo umekwama, karatasi hazijakamilika, tajiri hapokei simu. Nikamwambia tajiri hajalipa, nivumilieni. Na ni kweli hakuwa amelipa. Ila mfukoni nilikuwa na akiba yangu ya njiani, shilingi za Kenya elfu tatu na kitu. Ningetuma elfu mbili, zingefika huku kama 50,000, na mwalimu mkuu angekurudisha darasani huku tukitafuta zilizobaki. Sikutuma. Nilizitumia kwenda kutazama samaki.

Nimeandika "samaki" kwa sababu ndivyo nilivyojisema wakati ule. Pomboo si samaki, Zaituni atakwambia. Anapumua hewa kama mimi na wewe, anabeba mimba mwaka mzima, ananyonyesha.

Ilikuwaje? Nilikuwa nimeshakwenda Mombasa miaka kumi na miwili, na Mombasa yangu ilikuwa mizani ya Mariakani, maegesho ya Miritini, vibanda vya chai Changamwe na geti la bandari. Bahari niliijua kwa harufu. Siku ya tano ya kusubiri, utingo wangu, kijana wa Vanga kule mpakani na Tanzania, akaniona ninavyozunguka lori nikipiga matairi teke moja moja, akasema, "Mzee, twende Shimoni kwa mjomba wangu, utaugua hapa." Mjomba wake alikuwa nahodha. Tukamwachia lori mwenzetu wa Busia, tukavuka feri ya Likoni, tukapanda matatu ya kusini. Ukunda, Msambweni, Ramisi, kisha unakata kushoto, njia ya vumbi hadi nchi inapoishia.

Shimoni imeitwa hivyo kwa sababu ya pango lililopo pale, ambamo watumwa walifungiwa wakingoja majahazi. Niliingia, nikatoka haraka. Hilo nitakuandikia siku nyingine.

Kesho yake alfajiri tukaingia chomboni. Unajua siogelei. Nimekulia Tororo, maji mengi niliyoyazoea ni ya mvua. Nilikaa katikati ya ile mashua nimeshika ubao kwa mikono miwili, nikitafuta breki kwa mguu wa kulia, wallahi, mguu wenyewe ukawa unakanyaga. Tukapita kisiwa cha Wasini, kisiwa kisicho na gari hata moja, tukaelekea Kisite, ambako Kenya imetenga bahari kuwa hifadhi, kama sisi tulivyotenga mbuga za tembo. Ulikuwa mwisho mwisho wa kaskazi, bahari imelala. Maji yalikuwa na rangi ambayo sina jina lake. Uchukue chupa ya soda ya kijani, uivunje, uchungulie jua kupitia kipande kimoja, inakaribia.

Mbele yetu palikuwa na boti tatu za wageni, zinakwenda mbio, zinapinda huku na huku. Nahodha akasonya. Akasema wale wanawafukuza, na ukimfukuza pomboo utaona mgongo wake tu. Yeye akazima mashine. Tukakaa. Kimya, maji yanapiga ubavuni mwa chombo, jua linaanza kuuma shingo. Nikafikiria 65,000. Nikafikiria tajiri. Nikawa nataka kumwambia utingo turudi.

Nikasikia breki ya upepo. Ile pshhh ya trela dereva anapoegesha. Nikageuka nitafute lori, baharini! Ikaja nyingine upande wa pili, pshhh, na nyingine, na hewa ikanuka samaki, harufu nzito kama ya mukene mbichi, wale dagaa wa ziwani kwetu. Ilikuwa pumzi yao. Wana tundu juu ya kichwa, wanatoka, wanapumua, wanazama, bila haraka. Nilihesabu saba, kisha nikapoteza hesabu kwa sababu hawakai mahali pamoja. Mmoja akapita chini ya chombo, akageuka ubavu, akanitazama. Rehema, sikudanganyi. Ng'ombe anakutazama, mbuzi anakutazama, lakini hawatafuti kitu usoni mwako. Yule alikuwa anatafuta. Alipita, akazunguka, akarudi kunitazama tena kwa jicho lile lile.

Na palikuwa na mama na mtoto. Mtoto amebanana na ubavu wa mamake kana kwamba wameshonwa, mama akitoka naye anatoka, akizama naye anazama. Ubavuni mwa yule mtoto nikaona mistari myeupe ya kusimama, kama shati lililotolewa sandukuni kabla ya kupigwa pasi. Nikamwuliza nahodha kama ni ugonjwa. Akasema hapana, ni mikunjo ya tumboni. Amezaliwa juzi juzi, bado hajakunjuka.

Hapo nilicheka. Nilicheka kwa sauti, mtu mzima wa miaka arobaini na moja, nikaachia ubao, mikono juu, nikacheka mpaka utingo akawa ananitazama mimi badala ya pomboo. Sikuwa nimecheka namna ile tangu siku ulipozaliwa wewe, mkunga alipotoka na kusema ni msichana na ana hasira.

Nahodha aliwajua mmoja mmoja kwa mapezi ya mgongoni. Huyu ana pengo juu, yule limekatika ncha, yule ana alama mbili. Nimesoma baadaye kwenye simu kwamba wenyewe wanajuana kwa mluzi, kila mmoja na wake, kama sisi madereva tulivyojuana kwa honi usiku. Na kwamba pomboo halali ubongo wote; nusu inalala na nusu inakesha, ili akumbuke kupanda juu kupumua. Hilo nalo tunalijua sisi wa njia ya Mtito Andei, ila sisi tulipojaribu tuliishia mtaroni.

Walipoondoka, waliondoka bila kuaga. Nahodha akatupeleka mahali maji ni ya kina kifupi, chini mchanga mweupe. Akasema tutazame chini tuone samaki taa. Mimi taa nilimjua mkia wake tu, ule uliokaushwa, ambao zamani watu wa pwani waliufanya mjeledi. Sikuona kitu. Mchanga tu. "Tazama macho," akasema. Nikatazama, na kweli, mchanga una macho mawili. Halafu mchanga ukainuka, ukajipukuta, ukawa mnyama mwenye umbo la chapati pana, mwenye madoa ya buluu ambayo sijawahi kuona kwenye kitu chenye uhai, akaenda zake akipepea kando kando kama pindo la dera.

Kisha akaja mkubwa. Nahodha alimwita pungu. Mweusi mgongoni, amejaa madoa meupe kama anga la usiku kule Karamoja, mkia mwembamba mrefu kuliko mwili. Hakuogelea, aliruka, ndani ya maji, mabawa juu, mabawa chini, taratibu. Nikasema wako wawili. Nahodha akasema mmoja tu. Nikabisha: huyu hapa, na mwenzake huyo chini yake. Nilichokiona chini kilikuwa kivuli chake kwenye mchanga. Walikwenda pamoja, yeye na kivuli, mpaka kina kilipoongezeka, kivuli kikazidi kushuka na kufifia, akabaki peke yake, kisha bluu tupu.

Pomboo walinichekesha. Huyu taa alininyamazisha. Njia nzima ya kurudi Shimoni sikusema neno, na ningeulizwa nimepata nini kule ningesema sijui. Samaki hata mmoja sikurudi naye. Sikupiga hata picha. Elfu mbili zilikuwa zimekwisha, nauli, mafuta ya mashine, kiingilio cha hifadhi, wali wa nazi.

Siku ya tisa karatasi zikatoka. Nilipofika nyumbani, wewe ulikuwa uani unamenya mihogo, na daftari lako la hesabu umelifunua juu ya ndoo iliyopinduliwa, unajisomea mwenyewe. Ukanipokea begi. "Shikamoo baba, pole na safari." Hukuuliza karo. Ungeuliza, ningejibu kwa ukali na ningepona. Kesho yake nilikopa kwa mwenye duka, ukarudi shule, na muhula ule ukashuka hadi nafasi ya kumi na nne, nami nikakugombeza kwa ajili ya hiyo kumi na nne. Hicho ndicho ambacho hunirudia usiku, kuliko zile pesa.

Sikuandikii ili uniambie "baba, yamepita". Najua utasema hivyo, una moyo wa mama yako. Wala siwezi kukudanganya kwamba najuta kwenda. Nimejaribu kujuta, nashindwa. Kila nikifika kwenye majuto namkuta yule mtoto wa mikunjo, nacheka tena. Ninachojutia ni kwamba nilikwenda peke yangu, nikala peke yangu, halafu nikafuta mdomo.

Sasa sikiliza, mama. Zile 400,000 ulizonitumia za godoro ziko salama, godoro letu bado lina maisha. Nimeongeza za mahindi. Umesema likizo yako ni Januari. Januari ni kaskazi, bahari inatulia na maji yanakuwa meupe mpaka chini. Ukisubiri miezi ya kusi utaona mawimbi na matapishi. Tutaingilia Malaba, basi hadi Nairobi, kisha treni ile mpya, ambayo, nikikwambia utacheka, stesheni yake ya mwisho iko Miritini, nilikokuwa naegesha. Uliza mapema watu wa uhamiaji Zaituni anahitaji karatasi gani. Kitambulisho changu kipo.

Tangawizi ya kutafuna chomboni ninayo. Akitaka kukanyaga maji ya kina kifupi, mwambie aburute miguu mchangani, asiinue, ili taa asikie aondoke. Ana mwiba wenye sumu kwenye mkia, ingawa hamtafuti mtu. Akichomwa, mguu unatiwa kwenye maji ya moto kadiri unavyoweza kuvumilia, kisha hospitali. Na nahodha nitamchagua mimi. Nitamwuliza swali moja tu, kama anajua kuzima mashine.

Mama yako anasema yeye haendi, nani atabaki na kuku. Aliyasema hayo hayo wiki ya harusi yako, na asubuhi ile tulimkuta ameshakaa kiti cha mbele, mkoba magotini, anauliza tunachelewa nini.

Baba yako