Shukrani kwa dada wa duka la dawa, Ngamiani

Dada yangu wa duka la dawa pale Ngamiani, jina lako sikuliuliza, lakini ahsante sana. Nilikuja nanong'ona kwa haya, nyuma yangu wanaume watupu, ukanivuta pembeni kama mteja wa kuonyeshwa kanga mpya.

Hukukimbilia kuuza. Uliuliza kwanza: uchafu unaotoka ukeni una rangi gani, unanuka? Nikajibu: mweupe, mzito, wa mabonge, muwasho mkali, harufu hakuna. Ukasema hiyo inaelekea fangasi, ukanipa klotrimazole ya kuweka ukeni. Ungekuwa wa kijivu wenye shombo, huenda ni bakteria, na dawa yake ni nyingine kabisa. Wa kijani wenye povu waweza kuwa trikomona, vijidudu vya kuambukizana kwa kujamiiana, na hapo mume naye hutibiwa.

Ukaniambia maji matupu kwa nje yanatosha, uke hujisafisha wenyewe. (Shoga zangu wa ndimu na kujifukiza udi, mmesikia?) Muwasho ukirudirudi nipime sukari, nikipata homa au maumivu ya chini ya kitovu, niende hospitali moja kwa moja.

Muwasho umekwisha. Mungu akujaalie wateja tele, ila wasiwe wa kuwashwa.