Matokeo ya figo za nguruwe yachapwe yote, na yatufikie kwa Kiswahili

Ndugu Mhariri,

Mimi ni afisa mifugo mstaafu. Nimefanya kazi Mbozi kwa zaidi ya miaka thelathini, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nilikuwa na nguruwe: kuwachanja, kuwazalisha, kuwakagua machinjioni. Hadi leo ninafuga sita nyuma ya nyumba yangu hapa Vwawa. Naomba nafasi katika gazeti lako kwa ajili ya mdogo wangu wa kiume, ambaye figo zake zote mbili zimeshindwa kazi, na kwa ajili ya maneno tuliyoyasikia ndani ya Coaster.

Ilikuwa Jumatano jioni, tunarudi kutoka Mbeya kusafisha damu. Anakwenda mara tatu kwa wiki, na kila safari anakaa saa nne kwenye mashine. Siku hiyo malori ya Tunduma yalikuwa yameziba mlima Senjele, abiria tumechoka, na kijana mmoja akafungulia video kwenye simu, sauti juu kabisa. Mtangazaji alisema Wamarekani wamemaliza tatizo la figo. Sasa zinatolewa kwa nguruwe na wagonjwa wanarudi makwao wazima. Gari zima likawa linajadili. Mdogo wangu akanitazama, akasema, "Dada, si tunao sita pale nyumbani?" Tukacheka wote wawili. Halafu akageukia dirishani, na hakusema neno tena mpaka tunashuka.

Haikupita wiki mbili akapigiwa simu na mtu tusiyemjua. Akaambiwa kwamba kwa kulipa ada ataandikishwa kwenye orodha ya wanaopelekwa nje kuwekewa figo ya nguruwe. Mimi nilikuja kujua baada ya jirani kuniuliza kwa nini shamba la kahawa la mdogo wangu linatafutiwa mnunuzi. Sikumgombeza. Mtu aliyefungwa kwenye mashine Jumatatu, Jumatano na Ijumaa atashika kamba yoyote atakayorushiwa. Mimi mwenyewe nilijitolea kumpa figo yangu moja, madaktari wakanipima na kunikatalia kwa sababu nina shinikizo la damu. Ndugu zetu wengine wawili nao hawakufaa. Hapa nchini Muhimbili walianza kupandikiza figo Novemba 2017, na hospitali ya Benjamin Mkapa pale Dodoma ikafuata mwaka 2018, lakini mgonjwa anakwenda na ndugu wa kumchangia. Sisi ndugu tumekwisha.

Basi nikaamua kuutafuta ukweli kule ulikoandikwa. Mpwa wetu anayesoma Mbeya alinitafutia makala za kitaalamu, nikazichapisha steshenari, nikakaa nazo na kamusi kwa wiki tatu. Kiingereza changu ni cha kazini, cha majina ya dawa na magonjwa. Lakini mambo ya nguruwe nayajua, na nilipofika kwenye nguruwe nilianza kuelewa.

Mtu wa kwanza kuwekewa moyo wa nguruwe aliyebadilishwa vinasaba alikuwa David Bennett, mwenye miaka 57, huko Baltimore, Januari 7, 2022. Kwa kawaida kiungo cha nguruwe kikiingia kwa mtu kinashambuliwa papo hapo, kwa sababu seli za nguruwe zimevaa aina ya sukari ambayo damu yetu inaitambua kama adui. Nguruwe wa Bennett alibadilishwa jeni kumi. Zile zinazotengeneza sukari hizo zilizimwa, na sita za binadamu zikaongezwa ili mwili uupokee moyo. Jeni nyingine iliyozimwa ilinifanya niweke karatasi chini nifikiri. Ni ile inayoufanya mwili wa nguruwe uitikie homoni ya ukuaji. Aliyewahi kumpima uzito dume la nguruwe wa Landrace lililokomaa anajua sababu. Moyo ule ungeendelea kukua kinguruwe ndani ya kifua cha mtu.

Bennett aliishi miezi miwili, akafariki Machi 8. Video kama ile ya kwenye Coaster haifiki hapo.

Mimi nilitaka kujua alikufa kwa nini. Mara baada ya kifo, taarifa zilisema hakuna sababu ya wazi. Mwezi Aprili daktari wake wa upasuaji akawaeleza wataalamu wenzake mkutanoni kwamba katika ule moyo kulionekana kirusi cha nguruwe, cha jamii ya saitomegalo. Dunia ikasikia Mei, na Juni maelezo kamili yakachapishwa kwenye jarida la New England Journal of Medicine. Nguruwe yule alikuwa amepimwa kabla, kwa kupitisha pamba puani, na majibu yalikuwa safi. Nilisoma sentensi hiyo mara tatu. Kirusi cha namna hiyo kinalala ndani ya nyama. Mnyama anakula vizuri, ananenepa, pua kavu, na ugonjwa anao. Mwaka 2023 madaktari hao walichapisha uchunguzi mwingine kwenye jarida la The Lancet, wakaeleza kwamba sababu zilikuwa zaidi ya moja: mgonjwa alikuwa hoi tangu mwanzo, na dawa ya kingamwili aliyopewa, inayotokana na damu ya watu wengine, huenda nayo iliuumiza ule moyo. Hawakusingizia kirusi peke yake. Nawaheshimu sana kwa hilo.

Sasa nifike kwenye jambo lililoninyima usingizi. Oktoba 2020, zaidi ya mwaka mmoja kabla ya Bennett, watafiti wa Ujerumani walikuwa wameshachapisha matokeo ya mioyo ya nguruwe waliyowawekea nyani. Nyani waliopata mioyo yenye kirusi hicho hawakumaliza mwezi. Waliopata mioyo safi, baadhi yao walifika miezi sita. Na ilishajulikana kwamba vitoto vikitengwa na mama mapema vinaweza kukulia bila kirusi hicho. Kutenga vitoto! Kazi ambayo nimewafundisha wanawake wa vikundi hapa Mbozi kwa mikono yangu, kwa ubao na misumari. Wale Wajerumani wangeyafungia kabatini matokeo yao mabaya kwa kuona aibu ya nyani waliokufa, baada ya kifo cha Bennett asingekuwepo mtu wa kusema: angalieni hapa.

Ninajua kuficha kunafanya nini. Mwaka 2010 homa ya nguruwe ilipoingia Kyela, watu walijua mapema kuliko serikali. Ugonjwa ule hauna tiba. Mfugaji akiona wawili wamekufa usiku, asubuhi anawauza wengine upesi kabla jirani hajashtuka. Anayenunua anawapeleka kijiji kingine, na kijiji kingine nacho kinanyamaza. Nimeingia kwenye mabanda yaliyokuwa na nguruwe arobaini nikakuta chokaa na harufu. Mama mmoja aliniambia angeambiwa siku nne tu mapema angefunga geti lake. Siku nne. Ndiyo maana nikisoma ripoti ya daktari inayosema "hapa tulipima vibaya," naona mtu aliyewagongea majirani mlango.

Historia ya kazi hii imejaa watu ambao tunasahau kuwahesabu. Mwaka 1963 na 1964, daktari Keith Reemtsma wa New Orleans aliwawekea wagonjwa 13 figo za sokwe. Mmoja wao, mwalimu wa shule, aliishi miezi tisa, akarudi hata kazini. Kila anayesimulia anamsimulia mwalimu. Wale 12 wengine hawakufika mbali, na bila wao miezi tisa ile haina maana yoyote kwa mgonjwa anayetaka kuamua. Mwaka 1984 mtoto mchanga aliwekewa moyo wa nyani huko California, akaishi wiki tatu.

Figo ndizo zinazotuhusu nyumbani kwetu, kwa hiyo niliandika kwenye daftari majina ya waliowekewa figo za nguruwe, nikampa mdogo wangu asome akiwa kwenye mashine. Richard Slayman, Boston, Machi 2024: alifariki siku ya 52. Uchunguzi uliochapishwa ulionyesha moyo wake ulikuwa mgonjwa siku nyingi, na figo haikuonekana kukataliwa na mwili. Lisa Pisano, New York, Aprili 2024: figo ilitolewa baada ya siku 47. Towana Looney, Novemba 2024: siku 130, ikatolewa, akarudi kwenye mashine. Tim Andrews, Januari 2025: siku 271, ikatolewa.

Alisoma, akanyamaza, kisha akasema, "Kumbe zinaongezeka." Ni kweli, na nilifurahi aliliona mwenyewe. Siandiki barua hii kumkatisha mtu tamaa. Akaniuliza pia kama Looney, aliporudi kwenye mashine, alijuta. Sikuwa na jibu. Lakini shamba la kahawa halikuuzwa, na aliyempigia simu ameshafungiwa namba.

Kwenye chumba cha kusafisha damu yuko mama mmoja wa Kiislamu kutoka Chunya, kitanda cha tatu kutoka chetu. Aliliona daftari akaniuliza kama kitu hicho kinamfaa yeye. Nilimwambia hukumu ni ya masheikh wake, mimi si wa kulisemea. Nilichoweza kumpa ni habari: kwamba kwa miaka mingi insulini ya wagonjwa wa sukari ilitoka kwa nguruwe na ng'ombe, na kwamba valvu za moyo za nguruwe zimetumika hospitalini kwa miongo kadhaa. Hakuwa amewahi kuambiwa. Alitaka kujua ili akaulize. Ni haki yake, na kwa lugha anayowasalimia nayo majirani zake kila asubuhi.

Hapa nina la kwangu, Mhariri, la zamani. Nikiwa bado kazini walikuja watafiti kwenye vijiji vyangu kuchunguza tegu wa nguruwe, yule mdudu ambaye mayai yake yakiingia kwa mtu yanaweza kufika kwenye ubongo na kuleta kifafa. Tuliwashikia nguruwe, wakatazama ndimi, wakatoa damu za wanyama na za watu. Walitushukuru, wakaondoka. Hakuna aliyerudi. Miaka ikapita, nikakuta makala kwenye simu ya mpwa wangu: vijiji vyangu, vyoo vyetu, asilimia zetu, kila kitu kwa Kiingereza. Kulikuwa na familia moja ambayo binti yao alianguka kifafa akaungua motoni, na wazazi waliamini karogwa. Jibu lilikuwa limeshachapishwa, na mama yule hakulipata. Nilimpelekea mimi, nikiwa nimechelewa, nikamweleza kuhusu choo na kufungia nguruwe bandani. Alinisikiliza akaniuliza, "Walijua lini?"

Kwa hiyo ninaposema matokeo yachapwe, nina maana mbili. Wanaofanya majaribio haya, Marekani, China au kokote, watoe yote: mgonjwa aliyeishi na aliyekufa, nyani wote, kipimo kilichodanganya. Na watafiti wetu wenyewe, pamoja na kamati za maadili zinazowapa vibali, wafanye sharti kwamba ukurasa mmoja wa Kiswahili unarudi mahali damu ilipotolewa, kabla au siku ileile makala inapotoka. Ukurasa mmoja. Hautawazuia kupanda cheo.

Kwako Mhariri ombi langu ni dogo zaidi. Ukichapa habari kwamba mgonjwa fulani amepandikizwa figo ya nguruwe, weka tarehe. Kisha, baada ya miezi mitatu na baada ya sita, rudi utuambie yuko wapi: figo inafanya kazi, imetolewa, au amefariki na kwa nini. Habari ya upasuaji hutoka ukurasa wa mbele na picha. Habari ya kuitoa figo nimeitafuta kwa Kiswahili kwa shida sana. Wasomaji wako wanaosafiri usiku kuwahi mashine wanahesabu siku, na wanastahili kuhesabiwa siku.

Nimefungasha pamoja na barua hii nakala ya kurasa nne za daftari langu. Kama mtaona zinafaa, zitumieni bila kuniuliza, ila daktari wa figo azipitie kwanza, kwa sababu mimi ni mtu wa mifugo na huenda nimekosea neno. Ukurasa wa tano bado ni mweupe. Mdogo wangu ameshauchorea mistari, safu ya jina, safu ya tarehe, safu ya siku.

Afisa mifugo mstaafu,
Vwawa, Mbozi