Zuhura, nisaidie neno

Edinburgh, Jumapili usiku

Shoga yangu Zuhura,

Asalaam alaikum. Hujambo wewe na watoto? Bi Mkubwa goti lake limepoa? Sisi wazima, ila baridi ndiyo hiyo. Nisamehe kimya. Ujumbe wako wa sauti ninao tangu kabla ya Ramadhani, na kila nikitaka kukujibu naona jibu haliingii kwenye simu. Wanafunzi wako wanauliza kama kweli Waskoti waliuzwa walipoungana na England mwaka 1707.

Fedha zilikuwepo. England ilikubali kutoa pauni 398,085 na shilingi 10, na sehemu yake ilikuwa ya kuwafidia waliozamisha mali zao kwenye koloni la Darien kule Panama, mradi ulioanza 1698 ukafa 1700. Wakubwa kadhaa walipewa zao mkononi. Lakini usiwaishie hapo, nakuomba. Kabla ya fedha watu waliandikiana miaka mia nzima, na hayo maandishi ndiyo yananikosesha usingizi.

Ilianza 1603, James wa Uskoti aliporithi na kiti cha England. Mfalme mmoja, mabunge mawili. Francis Bacon akamwandikia kijitabu cha kusifu muungano mwaka uleule. Thomas Craig, mwanasheria wa hapa Edinburgh, akautetea kwa kitabu kizima cha Kilatini, 1605, na hakikuchapishwa mpaka 1909! James mwenyewe aliwaambia wabunge wa England kwamba yeye ni mume na kisiwa chote ni mkewe, na Mkristo haoi wake wawili. Hawakukubali. Akajitangaza tu mfalme wa Great Britain, na mabunge yakabaki mawili vilevile.

Sasa njoo 1706. Wiki iliyopita maktaba walinipa nisome hotuba ya Lord Belhaven, mpinzani wa muungano, chapa ya zamani, imelazwa juu ya mto wa sponji, karatasi rangi ya chai ya maziwa. Alisimama Bungeni Edinburgh tarehe 2 Novemba akasema anamwona mama yao Caledonia, yaani Uskoti, ameketi katikati yao, kajifunika vazi lake la kifalme, anangoja pigo la mwisho. Marchmont, mtetezi wa muungano, akamjibu kwa ufupi: ameota, na alipoamka, kumbe ilikuwa ndoto. Zuhura, lile jibu lilinichoma.

Waambie wanafunzi kwamba wapinzani si wote walioukataa muungano wenyewe. Andrew Fletcher wa Saltoun alitaka kuungana, ila Uskoti ibaki na Bunge lake. Kijitabu chake cha 1704, alichokiandika kama mazungumzo ya watu wanne London, kinalalamikia mji mmoja kuvuta mali na watu wote. Na upande wa pili walikuwa na hoja nzito: William Seton alisema nchi ndogo ikishiriki mfalme na kubwa, huku kila moja na Bunge lake, ndogo itaonewa daima, basi afadhali ziwe moja kabisa.

Mimi narudi palepale. Mkataba ni wa wawili. Siku unapoanza kazi, 1 Mei 1707, Bunge la Edinburgh halipo tena. Ukivunjwa, nani asimame kudai? Waskoti walipata wabunge 45 kati ya 558. Mwaka 1712 Bunge la London likawarudishia wenye ardhi haki ya kuwateua wachungaji, ilhali kanisa la Uskoti lilikuwa limehakikishiwa mambo yake. Mwaka uliofuata, kwa hasira ya kodi ya kimea, Waskoti wakajaribu kuuvunja muungano wenyewe. Walishindwa kwa kura 4. Nne tu!

Najua utawaza 1964. Nami nawaza. Ila kwetu mdogo alibaki na serikali yake, kwa hiyo usiwaache wakadhani ni kitu kimoja.

Haya, shida yangu. Nakutafsiria kurasa chache za Fletcher na nimekwama. Waliandika juu ya miungano miwili, wa nchi kuwa moja kabisa na wa kila nchi kubaki na Bunge lake, na Kiswahili kinanipa neno moja. Ule wa pili nimeuita shirikisho. Ule wa kwanza je? Namkumbuka bibi na mkeka: ukifumua uzi, kila ukili unabaki mzima. Tui likishaingia kwenye mchuzi hulitoi. Nikiandika "muungano wa kumezana" nitakuwa nimeshahukumu, na Seton ana haki yake. Halafu neno Uingereza! Sisi tunalitumia kwa England na kwa nchi nzima, kwa hiyo nimeandika England kila mahali na bado sijaridhika.

Wewe ungesemaje? "Muungano kamili" linatosha? Unaweza kumuuliza Mwalimu, au bado hamzungumzi? Wanafunzi ni wa kidato gani, niongeze Craig au nimwache? Unazihitaji lini? Na yule wa Tanga, ameshakuja kwa wazee au anaendelea kuahidi?

Wako,
Rehema