Na sisi tuliozeeka na virusi mtuandike

Ndugu Mhariri,

Gazeti lenu nalisoma miaka na miaka na sijawahi kuwaandikia hata mstari, ila ile habari yenu ya VVU, virusi vya ukimwi, imenishinda. Ukurasa mzima ni vijana, vijana, vijana, bodaboda, wanachuo, mabinti, na picha ya wasichana wamevaa fulana wanacheka. Sikatai, watoto wanaumia. Lakini kwani sisi wengine mlidhani tumeenda wapi, tulikufa wote?

Nina miaka 66, niko Kagera, mkoa ambao wagonjwa wa kwanza nchini walijulikana 1983 na sisi tukaupa ugonjwa jina la Juliana. Dawa nilianza 2005, serikali ilikuwa ndo kwanza ina mwaka tu inazigawa bure, na enzi hizo haikuwa pimwa leo anza leo kama sasa hivi, walikuwa wanasubiri CD4, zile chembe za kinga kwenye damu, zishuke chini ya 200 au uwe hoi kabisa. Tukameza stavudini ikatukausha mashavu na kutuchoma nyayo, ikaja efavirenzi ya kuota majinamizi, sasa tuko kwenye TLD, dawa tatu ndani ya kidonge kimoja kwa siku, na kwenye kipimo virusi havionekani. Namshukuru Mungu. Kwa hiyo virusi sio vinavyoninyima usingizi siku hizi, ni sukari, presha na magoti.

Sasa sikia. CTC, kliniki ya sisi wenye virusi, wana kadi yao na tarehe yao, kliniki ya sukari ina kadi yake na tarehe yake, jengo moja linatazama lingine lakini mafaili hayajuani kabisa. Mwaka jana sukari iligoma kushuka, yule daktari wa sukari akanipandishia metfomini, dawa ya kushusha sukari, miligramu 1000 asubuhi na 1000 jioni, bila hata kuuliza nameza nini kingine. Nikaanza kuharisha na kichefuchefu, chakula kikanishinda kabisa, nguo zikawa zinanivuka, na mtaani kwetu mtu mzima akikonda mnajua wenyewe wanavyoanza kunong'ona. Nikarudi, safari hii nikatoa kadi ya CTC mwenyewe nikaiweka mezani, akaitazama kama nimemwekea nyoka, akasema bibi hayo ni mambo ya virusi nenda kwa watu wako. Watu wangu! Nikaenda kwa hao watu wangu, wakaangalia kompyuta wakasema mama virusi vyako safi kabisa hongera sana, huo ni uzee tu. Uzee gani wa kuharisha? Aliyeniokoa ni kijana wa duka la dawa, tena nilienda kununua ile chumvi ya kurudisha maji mwilini ukiharisha, akaomba kuona kadi zote mbili, akaniambia ile dolutegravir iliyo ndani ya TLD inaongeza metfomini mwilini, ndo maana ukiwa unameza zote mbili metfomini haitakiwi ipite miligramu 1000 kwa siku nzima. Kwa siku nzima, mhariri, na mimi nilikuwa nabugia mara mbili yake. Akaniambia pia na vidonge vya kalsiamu na vya kiungulia nisivibugie kiholela pamoja na TLD. Kijana wa dukani ndo anajua, kliniki mbili nzima hakuna aliyeuliza.

Alafu hiyo TLD ni bure, sawa, ila vidonge vya presha vikiisha unaambiwa kanunue nje. Ukutani wamebandika mpishe mzee kwanza, dirishani wanataka kitambulisho cha msamaha wa malipo, ukienda kwa mtendaji anataka barua ya mwenyekiti, mwenyekiti hapatikani yuko kwenye msiba, na mtendaji mwenyewe anajua kabisa mimi nina umri gani maana nimesoma na mama yake.

Hata huko juu ilikuwa hivohivo. Zile tafiti kubwa za ukimwi za nchi nzima, 2003 mpaka 2012, walikuwa wanapima damu za watu wa miaka 15 mpaka 49 basi. Ukitimiza 50 hongera, umepona kwenye makaratasi.

Mimi siombi hospitali mpya. Wachukue kile kimashine cha sukari na kile cha presha wakiweke hapohapo CTC, kadi iwe moja, tarehe iwe moja, na anayeandika dawa aulize kwanza "unameza nini kingine" kabla hajashika kalamu. Na viti viwe na pa kuegemea, na choo kimoja kiwe cha kukaa, magoti haya hayachuchumai tena.

Na nyie Desemba mosi, siku ya ukimwi, ikifika wekeni picha ya wabibi. Fulana tutavaa, ila mtuletee saizi kubwa.

Bibi wa Bukoba
(jina langu mnalo, msilitoe)